Muuguzi Beda, Aliyepiga Magoti Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuosha na kufunga vidonda, kwanza Kilosa na sasa hapa Mikumi, Muuguzi Beda Fortunatus anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kumwandikia nimepewa mimi, dereva wa mradi, maana maandishi ya wasomi wetu yanasinzisha. Shule iliniacha njiani, lakini gari nimelifikisha Lubumbashi.

Mradi wetu unapandikiza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kujenga mishipa mipya ya damu, kwenye miguu inayokufa kwa kisukari. Shida ni kuzifanya zinate. Daktari Hildegarda alizitengenezea ute wa kuzishikiza, ila ute nao unataka mguu utulie kutwa nzima. Ni kama nyumba ya udongo: ukitikisa fito kabla tope halijakauka, umekandika bure.

Mgonjwa wa kwanza, Shamimu wa Msowero, alitulia kama gogo mpaka mchana. Ndipo akaingia baba mkwe wake. Mkwe anasalimiwa mtu kalala chali? Shamimu alishuka kitandani, akapiga magoti, akatoa shikamoo. Mzee wa watu akaitikia marahaba kwa furaha. Seli hazikushika. Mguu wa kushoto ukakatwa, na mzee yule hajakanyaga tena wodini.

Tangu hapo, kila siku ya kupandikiza, Beda na mvi zake alisimama mlangoni akiwapigia wageni magoti kwa niaba ya wagonjwa. Muuza mkaa mmoja, kwa umri sawa na mwanawe, alipewa shikamoo akatimua mbio. Tukamwita Beda Bi Harusi. Akatujibu kwamba bi harusi huyu anatunza miguu ya watu, tucheke tukimaliza tufagie. Wapo waliopona, wapo ambao hawakupona. Sherehe isinifanye niongope.

Sasa mguu wa kulia wa Shamimu nao unageuka mweusi, na hana mwingine. Atapandikizwa Julai. Mlangoni nitasimama mimi; magoti yangu ni ya kimataifa. Tulimwomba Beda aje ampe moyo, akakataa kuingia. Anasema alipovaa sare alikuwa muuguzi. Akija na shati la nyumbani ni mzee mgeni, na Shamimu atainuka tu. Atakaa nje, nyuma ya ukuta, mpaka jioni.

Ahsante, Mzee Beda. Uishi salama kijijini kwako Ulaya, hii yetu ya Kilosa ya kwenda kwa baiskeli. Siku hiyo habari ya mguu nitakuletea mwenyewe hapo ukutani, iwe njema, iwe mbaya.