Godoro la Stamili

Basi letu dogo la Kosta lilipouacha mji wa Mpemba, mzee aliyeketi mbele yangu alimuuliza mama aliyekaa kando yake kwa nini amepakia godoro juu ya gari. "La mwanangu Stamili," mama akajibu. "Kesho ana mashindano ya sarakasi Mbeya, na shuleni hawana cha kumtandikia aangukie."

Mzee akaguna. "Godoro! Sisi kule Ndalambo tulipiga sarakasi kwenye udongo mkavu, hata mkeka hatukuujua. Mnawadekeza tu."

"Mkashinda nini, mzee wangu?"

"Tulikomaa!"

Stamili mwenyewe, miaka saba, alikuwa amelala. Hakuna aliyemuuliza.

Tulipofika Nanyala, gari likasimama. Mzee aliyekomaa akashuka kinyumenyume, mkono mmoja mlangoni, mwingine kiunoni.

"Mshushe taratibu, konda," mama akasema. "Hapo chini hakuna godoro."