Usikate Kikohozi

Truphosa alipanda tuktuk ya kwenda mtaa wa Section 58 akiwa amechoka na simu yake. Tangu asubuhi alikuwa akijaribu kumtumia binti yake Celestine, aliyeko Doha, video ya marehemu mumewe, baba yake Celestine, kwa email, lakini kila mara aliambiwa faili ni kubwa mno.

"Mathe, hebu nione," akasema Jeruto, msichana aliyeketi kando yake. Akaitazama kidogo. "Ni dakika arobaini, na mahali pengi mzee anakohoa tu. Tukikata hapo itaenda."

"Usikate, mamangu. Celestine hakumuuguza, wala hakumzika. Hata hicho kikohozi ni chake."

Jeruto akamwashia hotspot ya simu yake. "Basi tuiweke yote kwa Drive, tumtumie link."

"Si kila mtu ataiona?"

"Yeye peke yake, mathe."

Faili ikapanda polepole. Kituo alichopaswa kushukia Jeruto kikapitwa, naye akabaki ameketi ili hotspot isikatike.

Tuktuk ilipofika mwisho wa safari, wakatuma link; ikiwa bado imesimama, jibu la Celestine likaingia. Macho ya Truphosa yalikuwa yamejaa machozi, kwa hivyo Jeruto akamsomea: "Mama, nimemsikia."