Mashine Niliyoikalia

Ndugu zangu wa upande huu na wa upande ule wa mpaka, amani ya Mungu iwe kwenu. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi. Ananijua. Nitajaribu.

Baadhi yenu mlinifahamu nikiwa na macho. Niliandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya kupitisha mizigo hapa Busia. Ikaja presha ya macho, ikachukua jicho la kulia, ikarudi kuchukua la kushoto. Ofisini wakaniambia kwa upole, "Mama, umetumika vya kutosha. Nenda kwenu kijijini Paya upumzike." Nawaambia, kuna kupumzika ambako ni kuzikwa mapema. Nilikwenda Paya na hasira zangu, na Mungu alizijua, maana nilimwambia kila asubuhi.

Nyinyi wa ushirika huu wa wasioona ndio mlionitoa huko. Dada mmoja wa kijiji cha Merikit alinishika kidole akakipitisha juu ya zaburi iliyoandikwa kwa breli, nukta kwa nukta, mpaka nikasoma neno "mchungaji". Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, mtu akigusa breli yetu amenigusa mimi.

Na waliigusa. Mnakumbuka mashine zetu tatu za kuchapa breli, kila moja ya mfadhili wake: ya Busia ya Kenya, ya Tororo mjini, na ile kongwe ya Kiyeyi inayonguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Tulipoletewa kompyuta mpya, zote tatu zikanyamaza. Kila mashine inayochomekwa kwenye kompyuta inahitaji draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuongea nayo. Draiva hukaa ndani ya kerneli, kile kiini kinachoendesha kompyuta nzima. Kerneli mpya haikuwa na draiva za mashine zetu. Kamati ikasema zimekufa, ikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alipofika na mizani yake nilipapasa mpaka kwenye ile ya Kiyeyi, nikaikalia.

"Mama, ondoka bwana, mimi napima."

"Pima. Nipime na mimi humo humo."

"Sasa wewe mama, nauza wewe kwa nani?"

Mlicheka, nakumbuka. Nikasema draiva hizo nitaziandika mwenyewe. Mjumbe mmoja akaniambia, "Mama, huoni. Utaandikaje vitu vya kompyuta?" Nikamjibu kwamba programu husomwa kwa masikio pia, kompyuta ikizisema kwa sauti, na kwamba yeye ana macho mawili na hajawahi kuandika hata moja. Nikaomba nipewe muda mpaka Pasaka.

Nikaandika draiva ya mashine ya Tororo, ikafanya kazi. Nikaichukua yote nzima, nikabadilisha hapa na pale, ikawa ya Busia. Nikaichukua tena, ikawa ya Kiyeyi. Nilijiona Sulemani. Halafu kerneli ikabadilishwa kidogo, nami nikarekebisha draiva ya kwanza na ya pili, ya tatu nikaisahau. Jumapili ya Matawi dada yule wa Merikit akasimama kutusomea neno, na karatasi yake ilitoka Kiyeyi. Akapapasa, akageuza karatasi, akapapasa tena. "Mama," akasema mbele ya kanisa zima, "hii ni lugha gani? Hata wanaonena kwa lugha hawafiki hapa."

Nilijua dawa yake. Draiva ikibaki nje ya kerneli, kila badiliko litaivunja. Ikipokelewa ndani, anayebadilisha kerneli ataibadilisha pamoja na nyingine. Kerneli yetu ni mali ya watu wote, yeyote anaweza kuleta kazi yake, ila kuna wasimamizi mlangoni. Nikatuma. Msimamizi wa ng'ambo akajibu: "Umeandika kitu kimoja mara tatu. Siwezi kupokea." Nikatuma tena, na maneno marefu. Akajibu vilevile, kwa maneno mafupi.

Ndugu zangu, nilikuwa tayari kumpiga kwa kinywa. Lakini wiki hiyo nilivuka mpaka na mama mmoja muuza vitenge wa upande wa Kenya, akinishika mkono kwenye foleni. Akawa ananikumbusha, "Zamani si tulikuwa tunafunguliwa mizigo huku, tukifika pale tunafunguliwa tena? Jambo lilelile! Siku hizi watu wa Uganda na wa Kenya wako jengo moja. Mzigo unafunguliwa mara moja, kila mmoja anauliza lake tu, basi."

Nikasimama. Watu wa nyuma wakanisukuma, "Mama, songa!" Sikusonga. Nilikuwa nimejenga vituo vitatu mahali ambapo kimoja kingetosha.

Nikarudi nyumbani nikabomoa. Yote ambayo mashine zetu zinafanya sawasawa, kupokea maandishi, kungoja karatasi, kutoa taarifa ya kosa, nikayaweka katika faili moja ya pamoja. Kila mashine ikabaki na faili ndogo yenye tofauti zake tu. Zote nikaziweka katika folda ya vifaa vya wasioona, wanapokaa ndugu zao, si pale nilipojisikia mimi.

Msimamizi akasifu. Kisha akaongeza: "Hii ya tatu ni kongwe mno. Hakuna anayeitumia. Iondoe." Ndiyo ile ya Kiyeyi. Niliomba kwanza, maana kinywa changu mnakijua. Halafu nikamwandikia: "Wanaoitumia wapo. Ni sisi. Tuko Kiyeyi, na siiondoi." Siku zikapita mpaka nikadhani nimeharibu. Kisha likaja jibu: zimepokelewa, zote tatu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa Merikit kwa kidole, mama wa vitenge kwa mkono, na yule wa ng'ambo kwa kunikatalia. Hata mnunuzi wa vyuma namshukuru, kwa kutonipima.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikuambia kazi yako haijakaa vizuri, msikilize, bomoa, panga upya. Akikuambia wewe huhesabiki, usimpishe. Kaa hapohapo ulipokaa.

Mmekuwa mkisikia karatasi hizi zikigeuka mkononi mwangu. Ushuhuda huu wote nimeusoma kwa vidole. Umechapwa leo asubuhi, Kiyeyi.