Sista Kanyiva, Aliyetukataza Kuwainua Walioanguka

Tarehe 30 Juni 1986, Sista Kanyiva Mativo anavua kofia yake ya uuguzi baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Mbotela kwa miaka ishirini na saba. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi, dereva wake wa ambulensi, niandike machache. Nimekubali mbio mbio, maana ni mara ya kwanza kupata nafasi ya kumsema bila kukatwa kauli.

Alianzia chumba cha sindano mwaka 1959. Watoto wa wakati ule sasa ni wazazi, na bado wakimwona huvuka barabara. Lakini sifa zake hasa zilitokana na shingo na migongo ya watu. Mtaani kwetu mtu akianguka, majirani humkimbilia, humketisha, humpa maji, kisha humtembeza ili damu ichangamke. Sista aliichukia desturi hiyo kuliko ugonjwa wowote. Kila alipopata wasikilizaji wawili aliwaeleza kwamba mtu anaweza kuvunjika mfupa wa shingo na miguu yake ikawa bado hai. Akiinuliwa vibaya, uti wa mgongo hukatika ndani, naye hupooza moja kwa moja.

Hayo hakuyasoma darasani tu. Kaka yake, Kilonzo, mchongaji wa vinyago, alianguka kutoka juu ya lori la magogo mwaka 1961. Rafiki zake, kwa mapenzi yote, walimbeba mgongoni hadi hospitali. Alipoanguka alikuwa akirusha miguu kwa maumivu. Alipofikishwa ilikuwa imetulia, na haijasogea hadi leo. Kilonzo anaendelea kuchonga katika kiti chake cha magurudumu, na kwa utani hatumuwezi.

Basi mwaka 1982, wakati wa Kombe la Dunia, fundi redio wetu Shitanda alipanda paa la Mama Wakiuru kugeuza antena. Waliokuwa ndani wakamwelekeza kwa kelele, kushoto kidogo, rudi kidogo, naye akarudi mpaka paa likaisha. Sista alifika na nguo zake za kanisani, akapiga magoti matopeni, akakishika kichwa cha Shitanda kwa mikono miwili na kumfokea kila aliyemsogelea. Wanaume walimtukana wakidhani anamwacha mtu afe. Yeye akaagiza mlango wa nyumba ung'olewe uwe machela. Mama Wakiuru akalia kwamba televisheni yake itaibiwa, akaambiwa basi aikumbatie.

Walimgeuza Shitanda watu wanne kwa pamoja, shingo na mgongo vikienda sawasawa kama gogo. Njiani, kila nilipokanyaga mafuta, Sista aligonga kioo cha nyuma. Barabara ya Jogoo tulipitwa na mkokoteni wa viazi, na mwenyewe akatupungia mkono. Hospitalini wakakuta shingo imevunjika lakini uti ni mzima. Shitanda alikaa na plasta shingoni miezi kadhaa, akatoka akitembea kwa miguu yake. Mambo ya paa aliyaacha siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo Sista alianzisha mafunzo ya Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, mimi nikiwa majeruhi wa kudumu. Siku moja nililala sakafuni hadi nikakoroma. Akawaambia wanafunzi kwamba hiyo ni dalili njema, hewa inapita.

Hata hivyo, mwaka huu alikosa raha. Alikuwa akisema waziwazi kwamba akiondoka tu, watu watarudia kunyanyuana, na kuna mtu atapoozeshwa na majirani wanaompenda. Hata sherehe hii ya kumuaga aliikataa mara mbili.

Kisha mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, akateleza karibu na vibanda vya mboga. Ni kifundo cha mguu tu kilichoteguka. Alipotaka kuinuka, akina mama wakamzuia. Mama Wakiuru akamshika kichwa kwa mikono miwili. Sista akasema yeye ni muuguzi na anajijua. Akajibiwa kwamba kila anayeanguka husema hivyo. Wakamuuliza kama anahisi vidole vya miguu, wakaagiza mlango, wakamgeuza watu wanne kwa pamoja.

Nilimpokea langoni mwa zahanati amelala chali, sukuma wiki yake kifuani, amekasirika kwelikweli. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakawa machozi ya kweli. Akasema tupange hiyo sherehe, sasa anaweza kwenda nyumbani.

Asante, Sista, kwa miguu yote inayotembea Mbotela kwa sababu yako. Uwe na uzee mtamu na majirani kama hawa.

Naftaly Ngigi, dereva