Sauti ya Nne: Maisha ya Mwalimu Zebedayo Anyisile Mwakalobo, 1951 hadi 2025

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu Adela, ndugu wafiwa, majirani wa Matema, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Karonga, mimi ni Hebroni, mdogo wake marehemu, nimepewa kuwasomea habari za kaka yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Matema, mtoto wa kwanza wa mzee Anyisile Mwakalobo na mama yetu Keziya, Mkisi wa kijiji cha Ikombe, aliyefinyanga vyungu na kuvileta gulioni kwa mtumbwi, na chungu kilipompasukia motoni hakuulaumu moto, alisema udongo ulikandwa vibaya, maneno ambayo kaka aliyarudia kwa wanafunzi wake kila walipoharibu wimbo mbele ya watu na kusingizia woga.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, na akiwa bado shuleni alijiunga na bendi ya matarumbeta ya kanisa chini ya mzee Yakobo, ambaye kiangazi kizima alimnyima tarumbeta, akampa kidomo tu, kile kipande kidogo cha kuwekea mdomoni, naye kaka akakipuliza njiani akienda kuchota maji mpaka majirani wakamchoka, na alipopewa chombo chenyewe akaambiwa ashike noti moja, ndefu, isiyotetemeka, hadi pumzi iishe, kisha aanze tena.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa karani wa mizani ya kakao katika chama cha ushirika huko Kyela, akastaafu mwaka 2011, lakini kazi tunayomjua nayo ni ile aliyoianza mwaka 1978 alipokabidhiwa bendi, na kwa kuwa wengi mlioko chini ya turubai hili alipata kuwafundisha, mtavumilia nikiwakumbusha. Alitaka pumzi itoke tumboni na mabega yatulie, mdomo ukichoka chombo kiwekwe chini badala ya kukikandamiza kwenye meno, mazoezi yawe kidogo kila siku na si Jumamosi nzima kisha wiki ya uvivu, wimbo mgumu uchezwe polepole mpaka vidole vizoee, na mahali panapokushinda ndipo parudiwe, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, ninyi mnarudia mwanzo kwa kuwa mwanzo mnaujua. Zaidi ya yote alitaka kila mmoja aijue sauti yake akiwa peke yake, bila kumwegemea jirani, maana ipo siku jirani hatakuja.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Adela, wakajaliwa watoto wawili, Godlove anayeishi Mbeya, na Nancy aliyeolewa Karonga, na wote wawili wapo hapa leo.

Bendi yake ilipiga kwa sauti nne, lakini kila aliyekuja alitaka sauti ya kwanza, ile inayoimba wimbo wenyewe, akijifunza nyimbo chache za harusi basi anaaga, na mwaka 2016 usharika uliponunua kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, vyombo vya kaka viliingizwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Hakugombana na mtu, aliendelea kufika mazoezini, akakaa, akasubiri, akarudi nyumbani.

Tarehe 9 Agosti 2021 alipatwa na kiharusi kilichouvuta mdomo wake upande mmoja, na aliporuhusiwa kutoka hospitali akaomba aletewe tarumbeta kitandani, akaiweka mdomoni mbele yangu, pumzi ikatokea pembeni, hapakulia kitu, akampa Adela airudishe na hakuiomba tena. Niseme wazi, ndugu zangu, mimi namhesabu kaka yangu kuwa alikufa siku ile, na hayo mengine yalikuwa kusubiri. Kiharusi cha pili kilimchukua Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Aliacha ombi moja, asipelekwe kaburini kwa spika, apelekwe na wanafunzi wake kwa wimbo aliowafundisha wote, kwa hiyo jana jioni vyombo vilitolewa stoo, vibonyezo vikiwa vimeganda, wakajaribu mwanawe Godlove na wanafunzi wake wa zamani, Theophil na Hezroni, mdomo uliolala miaka haukukubali, sauti zikakatika, na Godlove akaweka tarumbeta ya baba yake chini akatoka nje. Aliyeweza ni Marta peke yake, mama wa Kyela anayeuza mchele, aliyepewa na kaka besi, yaani sauti ya nne, akae nayo nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyeitaka, na miaka yote hii ameipuliza kila jioni nyuma ya nyumba yake, watoto wa jirani wakimuuliza huo ni wimbo gani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliomgeuza na kumwogesha, wenzake wa mizani waliotoka Kyela, na wewe Marta, ndaga fijo, asante sana.

Tukifika kaburini mtasikia sauti ya nne tupu, nzito, isiyo na wimbo wa kuufuata, na katikati Marta atanyamaza kwa muda mrefu, nawaomba mtu asidhani kwamba amemaliza, wala asishike koleo, kwa maana hapo ndipo sauti ya kwanza huimba peke yake, na leo hapana wa kuiimba. Mtamsubiri mpaka aingie tena. Pumzika kwa amani, kaka Zebedayo, kimya hicho hukutufundisha wewe, tumekileta sisi.