Mama Kiganja na Ndama Wasiotajwa Idadi

Tarehe 30 Juni 2008 Bi. Cresensia Patrisi anakabidhi funguo za stoo ya vifaa ya kituo chetu cha afya ya mifugo hapa Karatu, baada ya kukitumikia kwa miaka ishirini na saba. Alipoajiriwa, Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, barabara ya kwenda Ngorongoro ilikuwa vumbi tupu, na mimi ninayeandika haya nilikuwa na nywele.

Alikuja kutoka Rombo akiwa mchapaji. Wakati huo ofisi ilikuwa na taipureta moja iliyokuwa ikiruka herufi, na kila mtu alikuwa ameshaizoea, kama unavyomzoea mjomba mwenye kigugumizi. Wiki yake ya kwanza tu, Mama Cresensia aliifungua yote ikawa vipande juu ya meza. Mkuu wa kituo alipoingia na kuona, alikaa chini bila kualikwa. Kufika mchana taipureta ilikuwa imerudi mahali pake, skrubu moja ikiwa imebaki nje, na herufi zote zikitoka. Ile skrubu anayo mpaka leo. Akiulizwa ilikuwa ya wapi, anajibu, "Ilikuwa ya kuharibia."

Huyo ndiye Cresensia wetu. Hawezi kuona kitu kilichofungwa akakiacha. Saa ya ukutani aliifungua, redio ya gari aliifungua, na jokofu la chanjo angelifungua nalo kama tusingeliwekea kufuli. Ni lazima niseme pia kwamba si vyote vilivyopona. Redio ile tuliizika kwa heshima zote.

Mwaka 2000 wafadhili wakatuletea kompyuta za mkononi. Wasomaji wetu vijana, wenye simu zinazopiga picha, wajue kwamba wakati ule jambo hili lilikuwa la ajabu. Zilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni, kioo cha kijivu, na kalamu isiyo na wino ya kugusia kioo hicho. Tuliziita viganja, kwa sababu zilikaa kiganjani. Mpango ulikuwa kwamba maofisa wa mifugo twende nazo kwenye maboma, tujaze majibu humo humo, kisha tukirudi ofisini taarifa zihamie kwenye kompyuta kubwa kwa waya. Mimi, niliyekwisha kuzalisha ng'ombe wakorofi wa vijiji vyote kuanzia Qurus mpaka Daa bila kutetemeka, nilikiogopa kile kipande cha sabuni. Kilikuwa na alfabeti yake chenyewe. Herufi A ilitakiwa iandikwe bila kile kimstari cha katikati. Ripoti yangu ya kwanza ilionekana kama kuku amepita juu yake akitafuta punje.

Mama Cresensia ndiye aliyekabidhiwa viganja hivyo, na kuanzia hapo jina la Mama Kiganja likamganda. Alizipitia programu zote zilizokuwamo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunua masufuria ya jirani kuona kuna nini. Alikuta kalenda, kikokotoo, na mchezo mmoja ambao hakutuambia habari zake kwa muda mrefu, ingawa mlango wa stoo ulianza kufungwa saa za chai.

Vifaa vyenyewe vilikuja bila nguo. Alivipeleka sokoni kwa fundi viatu wetu, Bwana Omary, akaomba avishonee mifuko ya ngozi yenye mkanda wa kuning'iniza shingoni. Omary alikigeuza kiganja huku na huku, akauliza, "Mama, mimi nashona viatu. Huyu mguu wake uko wapi?" Alishona hata hivyo, na mifuko ile ilidumu kuliko kompyuta zenyewe. Kioo kilivalishwa nailoni ya kufunikia madaftari ili kisikwaruzwe. Kalamu nazo zilipotea moja moja, nyingi zikiwa mikononi mwangu, ndipo akaanza kuokota miba ya nungunungu kwenye mashamba ya Ganako. Aliikata, akaisugua ncha kwenye jiwe mpaka ikawa butu, akagundua kwamba kioo hakijali unakigusa kwa nini, mradi ukibonyeze. Mgeni mmoja wa wafadhili alipoona ofisa anaandika kwenye kompyuta kwa mwiba wa nungunungu, alipiga picha nyingi kuliko alizopiga kule kreta ya Ngorongoro.

Lakini viganja vilikuwa na kilema kimoja. Kumbukumbu yake yote iliishi kwa nguvu ya betri. Betri zikiisha, au ukichelewa kuzibadilisha, kiganja kinasahau kila kitu, hata tarehe. Na baridi ya kule juu, ukingoni mwa kreta, huzimaliza betri kabla hujamaliza salamu. Mama Cresensia aliliona hilo mapema, akaagiza kila anayepanda huko abebe betri za akiba mwilini, penye joto. Zake alizifunga kwenye leso na kuziweka kifuani. Tulicheka. Tulimwuliza kama zitaanguliwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mfanyakazi wa kituo hiki hulisimulia, na kila mmoja hulisimulia akiwa yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Mimi kweli nilikuwepo.

Mwaka 2001, kabla ya mvua za masika, tuliahidiwa chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama. Masika yaliyotangulia, maboma ya upande wa Nainokanoka, kule juu ukingoni mwa kreta, yalikuwa yamepoteza ndama vibaya sana. Wenye chanjo walisema watatoa kulingana na idadi ya ndama tutakayowapelekea. Kijana wetu wa programu aliyekuwa Arusha, Muksini, akatutengenezea fomu ndani ya viganja. Ukurasa wa kwanza uliuliza: ndama wangapi? Usipojaza namba, kiganja hakikufungulii ukurasa wa pili, hata ukibembeleza.

Tukaenda. Wanaowajua wenyeji wetu wa Kimaasai watakuwa wameshaanza kucheka. Wazee wengi wa kule hawapendi mifugo yao itajwe kwa idadi. Kutaja ni kama kuiita balaa ije ichague. Mwenzetu Tajewo, mzaliwa wa Nainokanoka na mkalimani wetu, alituonya, nasi tukamwambia fomu imeshatengenezwa. Basi ikawa hivi kila boma:

"Ndama wangapi?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Wapo tu. Mungu amejalia."

Na kiganja kinasubiri namba. Ili kitufungulie ukurasa wa pili, kila ofisa, pasipo kushauriana na mwenzake, akajaza moja. Tuliporudi na taarifa kuhamia kwenye kompyuta kubwa, ikaonekana kwamba nyanda zote za Ngorongoro kila boma lina ndama mmoja. Arusha wakatupigia simu kwa masikitiko. Walitupa pole, wakasema kwa hali hiyo kasha dogo la chanjo litatosha, na kama kuna marekebisho yawafike kabla oda haijaondoka.

Mkuu wa kituo alipendekeza tukadirie. Mama Cresensia, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza vifaa na wala hakuna aliyemwuliza, alisema anataka kwenda kuona kwanza. Kuona nini? Alisema hajui, angejua asingekwenda.

Tulimpeleka kwenye boma la Koko Naipanoi (koko ni bibi kwa Kimaasai), mwenye mji mkubwa, ambaye ndama wote wa pale walikuwa chini ya mkono wake na wa wakwe zake. Mama Cresensia hakutoa kiganja. Alikunywa chai ya maziwa, akauliza kupitia kwa Tajewo, "Koko, jioni ndama wakirudi, unajuaje kama kuna aliyepotea?"

Naipanoi alimtazama kama anayeulizwa anajuaje kuwa amevaa nguo. "Namwona ambaye hayupo," alisema.

Kisha akaanza kuwaeleza. Mwekundu mwenye paji jeupe. Kijivu mwenye tumbo la madoa. Mweusi wa yule ng'ombe mwenye pembe moja. Aliendelea mpaka chai ikapoa, bila kutaja namba hata moja na bila kumrudia ndama yeyote. Mama Cresensia alisikiliza mdomo wazi. Keshoye alikuwa kwenye basi la Arusha, kwa Muksini.

Muksini ni mtu wa mjini. Alielewa haraka alichoombwa: ukurasa usio na swali, wenye picha za ndama wa rangi mbalimbali, ambapo kila ndama anayepita unagusa picha yake, na kiganja kinajumlisha chenyewe huko ndani. Programu aliiweza. Ndama ndio waliomshinda kuchora. Naipanoi alipoonyeshwa picha, aliinama, akaangalia, akamwuliza Tajewo, "Huyu ni mbwa? Kama ni ndama, basi mchanjeni huyu kwanza, hali yake ni mbaya."

Mama Cresensia hakumficha kitu. Alimwambia wazi kwamba kile kidude kitajua jumla, na jumla hiyo itakwenda Arusha kwa ajili ya chanjo, lakini hapa bomani hakuna atakayeitamka. Naipanoi aligeuka akatazama zizi. Masika yale mabaya yeye ndiye aliyewaburuta ndama waliokufa nje ya zizi. Mwishowe akauliza, "Chenyewe kitasema?"

"Hakina mdomo, Koko."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, baridi ya kukata masikio. Mama Cresensia alisimama kando ya lango la zizi la ndama, mwiba wa nungunungu mkononi. Ndama wa kwanza akatoka, yeye akagusa picha, na kiganja kikalia: ti!

Fimbo ya Naipanoi ikapanda juu. "Na huo mdomo ni wa nani?"

Mama Cresensia aliomba radhi, akatafuta mahali pa kuzimia sauti akapapata. Fimbo ikashuka. Ndama wakaanza kutoka, mwekundu, mwekundu, mwenye madoa, mweusi, wakirukaruka kuwafuata mama zao, na mwiba ukicheza kiooni kimyakimya. Wengi wao walikuwa wameshapita pale kiganja kilipotoa onyo la betri.

Hapo ndipo nilipoona rangi ya uso wake ikibadilika. Ndama hawasubiri. Akiendelea, kinazimika na kusahau wote waliopita. Akisimama kubadilisha betri, wengine wanapita bila kuguswa. Na kuwarudisha zizini ili waanze upya ni jambo ambalo hakuna kati yetu aliyethubutu hata kulifikiria, kwani Naipanoi alikuwa ameruhusu mara moja tu.

"Koko!" aliita. Hakumaliza sentensi.

Naipanoi aliona mikono yake, akaona kidude. Akaingia katikati ya lango, akalaza fimbo yake upana wote, na kuwazuia ndama kwa magoti. Waliobaki ndani wakalia, waliotoka wakalia, mama zao wakaitikia kutoka kwenye ukungu. Mmoja mweusi aliiruka fimbo, na mwiba ukamdaka angali hewani. Kisha Mama Cresensia akanipa kiganja nikishike, akatoa leso kifuani, akafungua betri. Zilikuwa na joto kama mayai. Moja nikaiangusha. Iliangukia pale ambapo kitu chochote kinachoanguka zizini huangukia. Aliiokota, akaifuta kwenye koti langu, naam, langu, akaisukuma mahali pake na kufunga kifuniko.

Kioo kilikaa kijivu kitupu. Naipanoi alikuwa bado amelaza fimbo, jasho limemtoka katika baridi ile.

"Kimekumbuka?" aliuliza.

Picha za mbwa wa Muksini zikatokea, zote.

"Kimekumbuka, Koko."

Fimbo ikainuliwa.

Habari zilivuka vilima kabla ya gari letu. Boma lililofuata tulikuta chai tayari na lango limeshaandaliwa, na mzee mmoja akatuuliza kama tumekuja na kile kisicho na mdomo. Marekebisho yaliifikia Arusha kwa wakati. Chanjo zikaja, zikatosha, na masika yale Naipanoi hakuburuta ndama nje ya zizi.

Mwaka huo huo Mama Cresensia alichaguliwa mfanyakazi bora, akapewa thermosi, ambayo bila shaka aliifungua. Aliendelea kutunza vifaa vyetu kizazi kwa kizazi, hata vilipokuja vya rangi na vya kuchaji, na tangu hapo hakuna fomu iliyotoka kituoni bila yeye kuuliza itajibiwa na nani, akiwa amesimama wapi. Viganja vya kwanza vimelala kwenye droo ya stoo pamoja na bakuli la miba ya nungunungu. Atakayepokea funguo asivitupe.

Mama Cresensia harudi Rombo. Ana shamba lake Ganako na nia ya kufuga. Naipanoi, ambaye sasa macho yamepungua nguvu, amemtuma Tajewo alete salamu za kuagana: kuna mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, na kijivu mwenye tumbo la madoa, na mweusi, mjukuu wa yule aliyeiruka fimbo, na wengineo, wote waje Ganako. Kwa ajili ya ratiba ya sherehe nilimwuliza Tajewo jumla yao ni wangapi. Alinitazama kwa huruma.

"Wapo," alisema.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mama Kiganja, tunakushukuru kwa kila ulichofungua, na kwa vingi ulivyoweza kufunga tena. Miaka yako ya kituoni imebidi tuitaje hapo juu, kwa kuwa utumishi umetaka hivyo. Inayokuja hatuitaji. Ikupitie langoni mmoja mmoja, kila mmoja na rangi yake, mpaka chai ipoe.