Alichosema Baba Mwenye Viatu

Kijiwe chao hakina benchi. Kina viti vinne vya sinema, vile vya kukunja, vilivyookolewa siku jumba la ng'ambo ya barabara lilipogeuzwa ghala la magodoro. Kimoja kiligoma kukunjuka tangu enzi hizo, kwa hiyo anayechelewa hukalia ndoo. Asubuhi ile aliyekalia ndoo alikuwa Hakimu, mwoka mikate, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku ila hakubali ubishi uishe bila yeye kutoa uamuzi. Upara, kinyozi, alikuwa anamimina kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai. Breki, dereva wa lori mstaafu, alishaanza kulalamika kwamba imepoa. Na Fundi, mshona viatu, ambaye meza yake ya kazi iko papo hapo mbele yao, alikuwa ameinama, uzi mdomoni. Fundi si mtu wa maneno mengi. Sasa alipoutoa ule uzi na kuuliza swali, wote wakageuka.

— Ile picha ya watoto watukutu, alisema. Kule mwisho, yule baba alimwambia nini mwanawe?

Hakuna aliyeuliza picha gani. Iliingia mjini wakati wao wenyewe wana ndevu za kubembeleza, na waliiona mpaka mkata tiketi akawa anawaamkia kwa majina. Kijana anagombana na baba yake, anatorokea dirishani miguu mitupu, anakutana na wenziwe waliokosana na wazazi wao, wanazurura, wanavunja madirisha, wanalia, wanakamatwa. Kunapokucha baba anaingia kituo cha polisi. Mkononi ana viatu vya mwanawe. Anaviweka sakafuni, mbele ya ile miguu mitupu, anafungua mdomo, anasema neno. Basi, taa zinawaka, watu nyumbani.

Ah, enzi zile! Upara alikuwa na nywele, tena nyingi, akizichana kama yule kijana mpaka mama yake akaficha kitana. Mtaa mzima wa vijana ulirudi nyumbani pekupeku, viatu begani, na mtaa mzima ukachapwa. Walipokumbushana hayo walicheka mpaka Breki akapaliwa na ile kahawa aliyosema imepoa.

Fundi alicheka nao, lakini cheko lake halikufika mbali. Wenzake hawakujua kilichomfanya aulize. Wiki ya pili sasa mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa amehamia kwa shangazi yake. Baba mtu aligundua kwamba shule ameiacha kimyakimya na anashinda gereji, akamfokea uani, majirani wote wanasikia, akamwambia kama unajiona mkubwa katafute kwako. Mtoto akaondoka vile vile na kandambili. Viatu vyake vilikuwa chini ya meza ya Fundi, vimeshonwa, vimefumuliwa, vimeshonwa tena, maana mikono ilihitaji la kufanya. Alitaka kuvipeleka. Miguu ilikuwa inakataa kwa sababu moja tu, kwamba hakujua akishaviweka chini aseme nini. Na mtu pekee ambaye Fundi aliwahi kumwona katika hali hiyo ni yule baba wa kwenye turubai la sinema.

— Alisema "Twende nyumbani," Upara alijibu bila kufikiri. Nilikuwa kiti cha mbele.

Breki akaguna. Kiti cha mbele kitu gani, yeye alilia siku hiyo, na mtu halii kwa "twende nyumbani." Yule baba alisema "Mama yako hajala tangu jana." Hakimu akawaambia wote wawili wamesahau. Neno lilikuwa "Vaa," moja tu, kwa ukali, na ndivyo mzazi anavyosema.

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba picha ile ilisemwa kwa lugha ya kigeni, na kila walichokisikia kilitoka kwa Mdomo. Mdomo alikuwa mtafsiri. Alisimama kando ya turubai na kipaza sauti chake, akawa baba, akawa mama, akawa polisi, akawa mbwa pia. Kumbe siku moja alitafsiri hivi, siku nyingine vile, kutegemea alivyoamka.

Basi ubishi ukakatika breki. Upara akasema Mdomo alikuwa amekosana na baba yake mzazi, kwa hiyo pale mwisho alikuwa anajisemea yake. Breki akasema hapana, Mdomo hakuijua ile lugha hata kidogo, alikuwa anaangalia midomo inavyocheza na kubuni, na huenda picha yenyewe ilikuwa ya mambo ya kilimo. Hakimu akanywa funda, akajipangusa, akatoa uamuzi kwamba yule baba alikuwa ameshakufa tangu katikati ya picha, ile ni roho yake, ndiyo maana polisi hawakumsalimia.

— Roho inabeba viatu? Breki aliuliza.

— Ya mzazi inabeba, Hakimu akasema.

Fundi akawasikiliza huku moyo unazidi kushuka. Alikuwa amekuja kuomba neno moja, akapewa kapu.

Mteja alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, mwanamke wa makamo, kiatu kimoja mguuni na kingine mikononi mwa Fundi kinabandikwa kisigino. Alikuwa hajachangia lolote. Sasa akaweka mkoba wake vizuri mapajani.

— Samahani, wazee wangu. Hiyo picha sikuiona, mimi nawasikiliza tu. Na huyo kijana, alijibu nini?

Upara akafungua mdomo. Breki akatazama ng'ambo, kwenye ghala la magodoro, kama jibu limebaki humo. Hakimu akaomba chupa ya kahawa, ikatikiswa, ilikuwa tupu.

— Alijibu, Upara akaanza. Alimwambia... Hebu ngoja.

Na Fundi akaona jambo ambalo lilimwuma kuliko maneno yote aliyomfokea mwanawe uani. Walilipia tiketi zile kwa ajili ya yule kijana. Walitembea kama yeye, walichana nywele kama yeye, walichapwa kwa ajili yake. Leo kila mmoja alikuwa na neno la baba, na la mtoto hakuna aliyekuwa nalo.

Akammalizia yule mama kiatu chake, akamshukuru, naye hakuelewa anashukuriwa nini. Kisha akachukua vile vya chini ya meza, akafunga kazi jua likiwa bado la asubuhi. Wakamwuliza anakwenda wapi.

— Kwa dada yangu, alisema. Mwanangu yuko kule.

Hapo wakaviona viatu mkononi mwake, wakaelewa.

Kesho yake walimkuta ameshaanza kazi. Upara alimmiminia yeye kwanza. Hawakutaka kumwuliza, wakazungumzia mvua, wakazungumzia bei ya unga, mpaka Breki uvumilivu ukamwishia.

— Haya, ndugu yetu. Alijibu nini?

Fundi akaendelea kukata ngozi.

— Niliviweka chini, nikakosa la kusema. Akavitazama. Akavaa kimoja. Akaniambia, "Baba, vinanibana."

— Basi?

— Basi. Wiki mbili nashona kiatu cha mtoto ambaye hayupo tena. Mimi, fundi viatu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

— Na wewe ukamwambia nini?

— Ningemwambia nini? Nilimwambia lete mguu.

Hakimu alijiandaa kutoa uamuzi, akauacha. Mezani palikuwa na karatasi ya kaki iliyochorwa wayo kwa chaki, na ndiyo Fundi alikuwa anaifuatisha kwa kisu, polepole. Alisema kijana atapita jioni kujaribu, na ya shule na gereji watayaongea akiwa amekaa, si amesimama uani. Breki akavua ndara, akaukanyaga ule mchoro kupima, kwa kuwa hapo kijiweni yeye ndiye mwenye mguu mkubwa. Mchoro ulimzidi.